Je, Ni Kweli Ajali Haina Kinga?

Somo kuhusu ndege iliyoanguka ziwani Bukoba



Mtumbwi ukizama au basi likipinduka, wazee wetu hutikisa kichwa na kusema, "Ajali haina kinga." Maneno haya humpoza mfiwa, na kumpoza mfiwa ni jambo jema. Lakini yakisemwa kila mara, hutufunga mikono. Mtu anayeamini kabisa kwamba ajali haina kinga hatazami ubao uliooza kwenye mtumbwi wake. Hatazami wingu jeusi linalotoka kusini. Anaingia ziwani, basi.

Leo tutayapima maneno hayo. Tutayapima kwa ajali moja ya kweli, ajali ya ndege ya abiria iliyotokea ziwani katika nchi yetu.

Najua mtaniuliza, "Mwalimu, sisi ni wavuvi na wakulima. Wengi wetu tunaiona ndege ikipita juu tu. Inatuhusu nini?" Swali ni zuri, na jibu ni hili: siku ile ndege ilipoanguka, watu wa kwanza kuifikia walikuwa wavuvi. Walikuwa watu kama wale wa Kibirizi, Katonga na Ujiji. Na sisi tunakaa kando ya ziwa, na kiwanja cha ndege cha Kigoma hakiko mbali na maji.

YALIYOTOKEA BUKOBA

Jumapili tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Shirika la Precision Air iliondoka Dar es Salaam asubuhi ikielekea Bukoba, mji mkuu wa Mkoa wa Kagera. Kagera ni jirani yetu wa kaskazini. Ndege ilikuwa ya aina ya ATR 42, yenye injini mbili, kila injini na panga boi lake linalozunguka.

Hebu tuhesabu watu waliokuwamo. Abiria walikuwa 39. Marubani walikuwa 2. Wahudumu walikuwa 2. Jumla ni watu 43.

Kiwanja cha Bukoba ni kidogo, na kiko kandokando ya Ziwa Viktoria. Mwisho mmoja wa njia ya kutulia uko karibu kabisa na maji. Asubuhi ile kulikuwa na mvua na mawingu mazito. Kama saa 3 kasoro, ndege ilikuwa inashuka ili itue. Haikufika kwenye njia. Ilianguka ziwani, karibu na ukingo, watu wa ufukweni wakiiona kwa macho. Kamanda wa Polisi wa mkoa alieleza siku hiyo kwamba ndege ilikuwa juu kama meta 100 tu ilipopata matatizo, na kwamba hali ya hewa ilikuwa mbaya.

Pua ya ndege iliingia majini. Mkia ulibaki juu. Katika ndege ya aina hii mlango wa abiria uko nyuma, karibu na mkia. Kwa hiyo waliokuwa nyuma walikuwa karibu na mlango uliokuwa juu. Waliokuwa mbele walikuwa upande ulioingia majini kwanza.

Wavuvi walipiga makasia kuelekea kwenye ndege. Mmoja wao alikuwa kijana wa miaka 20, jina lake Majaliwa Jackson. Yeye aliwaeleza waandishi wa habari kwamba yeye na wenzake walitumia kasia katika kuufungua mlango wa nyuma, abiria wakaanza kutoka. Halafu alizama kuelekea mbele kwa marubani. Alimwona rubani akiwa hai nyuma ya kioo, akimwonyesha ishara. Alitaka kuvunja kioo kwa shoka, lakini alizuiwa. Kamba iliyokuwa ikivutwa ilikatika ikampiga usoni. Alipozinduka alikuwa hospitali.

Watu 19 walikufa, na marubani wote wawili walikuwa miongoni mwao. Toa 19 katika 43. Wanabaki 24. Hao ndio waliopona.

Kesho yake miili iliagwa katika uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akiwapo. Kijana Majaliwa Jackson alipewa zawadi ya shilingi milioni 1, na Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza achukuliwe kazini katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Baadaye wachunguzi wa Serikali walitoa ripoti yao ya awali. Ripoti hiyo ilisema jambo zito: uokoaji ungekuwa wa haraka, huenda watu wengine zaidi wangepona.

Ndugu msomaji, rudia kusoma sentensi hiyo. Maana yake ni kwamba wako watu ambao hawakuuawa na kuanguka. Ndege iligonga maji wakiwa hai. Walikufa kwa kukaa ndani. Hapo ndipo neno "haina kinga" linapoanza kuyumba.

KWA NINI KUTUA NI KAZI NGUMU

Ndege haielei hewani kama mtumbwi unavyoelea majini. Mtumbwi ukisimama hauzami. Ndege ikisimama hewani inaanguka. Inabebwa na hewa inayopita kwa kasi juu na chini ya mabawa yake. Kasi ikipungua mno, mabawa hayabebi tena.

Sasa fikiri rubani anayetaka kutua. Lazima apunguze mwendo, lakini asipunguze mno. Lazima ashuke, lakini asishuke haraka mno. Na lazima aione njia. Anafanya yote hayo akiwa karibu na ardhi. Akikosea akiwa juu meta 5,000, ana nafasi ya kujirekebisha. Akikosea akiwa juu meta 100, hana nafasi.

Mvua ya radi huizidisha kazi hii. Ninyi mnaolijua ziwa mnafahamu jinsi upepo unavyogeuka ghafla wingu la mvua linapofika juu yenu. Chini ya wingu la namna hiyo hewa huporomoka kutoka juu, ikifika chini inatawanyika pande zote. Ndege ikiingia hapo hupata kwanza upepo wa mbele. Mara hewa inaisukuma chini. Mara upepo unageuka kuwa wa nyuma, na mabawa yanapoteza nguvu ya kubeba. Ndiyo maana rubani akiona hali ni mbaya anaruhusiwa kuzunguka juu akisubiri, au kwenda kutua kiwanja kingine. Kugeuka si aibu. Hata nahodha mzuri wa mtumbwi hugeuka.

SABABU HAIWI MOJA

Watu hupenda kuuliza, "Kosa la nani?" Wachunguzi wa ajali za ndege huuliza swali jingine: "Ni mambo gani yalifuatana mpaka ikatokea hivi?"

Chukua mfano wa nyavu. Tuseme umetandaza nyavu tano, moja nyuma ya nyingine. Kila wavu una tundu mahali fulani. Samaki akipita tundu la wavu wa kwanza, wa pili unamzuia. Lakini ikitokea matundu yote matano yamekaa mstari mmoja, samaki anapita moja kwa moja. Ajali ya ndege hupita hivyo hivyo. Wavu wa kwanza ni chombo chenyewe. Wa pili ni rubani na mafunzo yake. Wa tatu ni hali ya hewa na habari zake. Wa nne ni kiwanja na vifaa vyake. Wa tano ni uokoaji.

Tuone mifano kutoka nchi nyingine.

Chombo. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Shirika la Ethiopia iliondoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Ilikuwa ndege mpya, aina ya Boeing 737 MAX. Baada ya dakika kama 6 ilianguka, watu wote 157 wakafa. Kifaa kidogo kinachopima jinsi pua ya ndege ilivyoinuka kilileta habari za uongo. Mtambo wa kompyuta ukaziamini habari hizo, ukaisukuma pua chini tena na tena, marubani wakishindana nao. Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba ajali ya namna hiyo ilikwisha kutokea Indonesia tarehe 29 Oktoba 2018, na watu 189 wakafa. Tundu lilikuwa limeonekana. Halikuzibwa kwa wakati. Baada ya ajali ya pili ndege zote za aina hiyo zilisimamishwa duniani kote mpaka zilipotengenezwa upya.

Rubani. Usiku wa tarehe 5 Mei 2007 ndege ya Shirika la Kenya iliondoka Douala, nchini Kamerun, wakati wa mvua ya radi. Wote 114 waliokuwamo walikufa. Ndege haikuwa mbovu. Gizani, bila kuona upeo, ndege iliinama upande kidogo kidogo na marubani hawakutambua mapema. Wachunguzi walisema pia kwamba marubani wawili hawakufanya kazi kwa ushirikiano wa kutosha. Mwili wa binadamu hudanganyika gizani. Mvuvi wa usiku aliyewahi kupoteza mwelekeo, taa za ukingo zikiwa hazionekani, ataelewa haraka.

Kengele. Tarehe 30 Januari 2000 ndege nyingine ya Shirika la Kenya iliruka usiku kutoka Abidjan kuelekea baharini. Mara tu ilipopaa, kengele ililia kuonya kwamba mabawa hayabebi. Kengele ilikuwa ya uongo, mabawa yalikuwa yanabeba. Rubani akashusha pua kama alivyofundishwa, na ndege ikaingia baharini. Walikuwamo watu 179. Waliopona ni 10 tu.

Mnaona? Kila ajali ina mnyororo wake. Na mnyororo una faida moja: ukikata pete moja tu, umekatika wote.

KISANDUKU CHEUSI

Wengi mmesikia redioni kuhusu "kisanduku cheusi." Jina ni hilo, lakini rangi yake ni ya chungwa ili kionekane kwa urahisi. Kwa kawaida viko viwili, navyo hukaa sehemu ya mkia. Kimoja kinatunza sauti za marubani. Cha pili kinatunza habari za safari: urefu kutoka chini, mwendo, mwelekeo na kazi ya injini. Vimetengenezwa kuvumilia kishindo, moto na maji. Vikizama, kuna kifaa kinachotoa mlio chini ya maji kwa siku zisizopungua 30, ili wapiga mbizi wavipate.

Kwa hiyo ndege ikianguka, mabaki yake ni ushahidi. Kipande cha bati kinachoelea kinaweza kueleza habari kubwa. Mtu asikiokote akaenda kutengenezea mlango wa kuku. Kikabidhiwe kwa Polisi au kwa mwenyekiti wa kijiji.

Tena mjue kwamba uchunguzi wa namna hii haufanywi ili mtu afungwe. Sheria za kimataifa za usafiri wa anga, ambazo nchi yetu inazifuata, zinasema shabaha ya uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine. Ndiyo maana ndege ikianguka Tanzania, nchi iliyoitengeneza nayo hutuma wataalamu wake. Wakijua tundu lilikuwa wapi, wanaliziba kwa ndege zote.

NA SISI HAPA KIGOMA?

Kigoma nayo imeonja. Tarehe 9 Aprili 2012 ndege ya Shirika la Ndege la Tanzania, yenye watu 39, ilipata ajali katika kiwanja chetu ilipokuwa inataka kuruka. Ndege iliharibika hata haikurudi kazini tena. Lakini watu wote 39 walitoka hai.

Linganisha. Kigoma walikuwa 39, hakufa hata mmoja. Bukoba walikuwa 43, wakafa 19. Ajali hizi mbili hazifanani, na hatuwezi kuzipima kwa mizani moja. Lakini tofauti moja kila mtu anaiona. Ya Kigoma ilikuwa nchi kavu. Mtu akishatoka mlangoni anakanyaga ardhi. Ya Bukoba ilikuwa majini.

Na maji yetu si kama ya Bukoba. Ziwa Viktoria ni kubwa sana, lakini kina chake kirefu kabisa hakizidi sana meta 80. Ziwa Tanganyika lina kina cha meta 1,470. Ni la pili duniani kwa kina. Ninyi mnajua kwamba mahali pengi ukitoka ukingoni hatua chache tu, pondo haigusi chini. Chombo kikizama kwetu, hakiegemei mchanga mkia ukabaki juu. Kinakwenda. Kwa hiyo dakika zetu ni chache kuliko za Bukoba.

KWA NINI WATU HUFIA NDANI

Maji yana uzito. Chukua mlango wenye upana wa meta 1 na urefu wa meta 1. Uzamishe meta 1 chini ya maji, ndani kukiwa na hewa tupu. Maji yatausukuma kwa uzito wa tani 1, yaani magunia 10 ya mahindi ya kilo 100 kila moja. Nani atausukuma mlango huo kwa mikono? Ndiyo maana mlango wa kufungua ni ule ulio juu ya maji.

Jambo la pili ni jaketi la kuokolea. Tarehe 23 Novemba 1996 watekaji watatu waliiteka ndege ya Ethiopia iliyokuwa ikienda Nairobi. Walitaka iende Australia, na rubani aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi. Hawakusikia. Mafuta yakaisha, ndege ikaanguka baharini karibu na ufukwe wa kisiwa cha Ngazija, huko Komoro. Wenyeji na watalii waliingia majini kuwaokoa watu. Kati ya watu 175, walikufa 125. Wengi wa hao walikuwa wamevaa majaketi yao na kuyajaza hewa wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, majaketi yaliwanyanyua mpaka darini, wakashindwa kuzama kidogo ili wapite mlangoni. Kitu kilichotengenezwa kuwaokoa kiliwafungia ndani.

Elimu ya sentensi moja ingeweza kuwaokoa baadhi yao: vaa jaketi ndani, lijaze hewa ukishatoka.

MVUVI AFANYE NINI?

Someni sehemu hii kwa sauti katika kikundi chenu. Asiyejua kusoma naye aisikie.

1. Piga simu kwanza. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114. Namba ya Polisi ni 112. Taja mahali kwa jina linalojulikana: mwalo gani, karibu na kijiji gani. Ndege ile ya Douala ilianguka kilometa chache tu kutoka kiwanjani, na bado ilipita zaidi ya siku nzima kabla ya kuonekana, kwa sababu ilitafutwa mahali pengine.

2. Usiwashe moto. Mafuta ya ndege ni jamaa ya mafuta ya taa, nayo huelea juu ya maji. Kwa hiyo karabai izimwe. Sigara izimwe.

3. Ukikaribia watu walio majini, zima injini ya boti, tumia kasia. Panga la injini hukata mguu wa mtu kama mhogo.

4. Usiingie majini peke yako ukashikwa na mtu anayetapatapa. Atakuzamisha. Mpe kasia, dumu tupu au kamba aishike.

5. Milango ya ndege ya abiria imetengenezwa iweze kufunguliwa kutoka ndani na kutoka nje. Alama na maelekezo yamo ubavuni mwa ndege. Tafuta mlango ulio juu ya maji.

6. Usifunge kamba na kuivuta ndege kabla ya kupata amri ya waokoaji wenye ujuzi. Kamba ikikatika hupiga kama mjeledi. Simameni mbali nayo.

7. Usijaze mtumbwi kupita kiasi. Afadhali kwenda mara tatu kuliko kuzama wote mara moja. Wenye nguvu washike ubavu wa mtumbwi, wanyonge wapande.

8. Aliyetolewa majini akiwa hapumui, usimning'inize kichwa chini wala usimkamue tumbo. Mlaze chali mahali pagumu. Inua kidevu chake. Ziba pua yake, mpulizie pumzi 5 mdomoni. Kisha bonyeza kwa nguvu katikati ya kifua mara 30, mpulizie 2, bonyeza tena 30. Endelea hivyo mpaka apumue au mganga afike. Akianza kupumua mwenyewe, mlaze kwa ubavu na umfunike apate joto.

Mambo haya manane yanafaa pia mtumbwi ukizama. Na mitumbwi huzama mara nyingi zaidi kuliko ndege.

NAWE UKISAFIRI KWA NDEGE

Siku hizi mgonjwa wa kijijini hupelekwa Dar es Salaam kwa ndege, na mtoto humtumia mzazi tiketi. Huenda siku moja ukapanda. Basi mhudumu akisimama kueleza juu ya mkanda, mlango na jaketi, acha mazungumzo, msikilize. Hesabu viti kutoka chako mpaka mlangoni. Gizani au ndani ya moshi utavipapasa kwa mkono. Jaribu kufungua na kufunga mkanda wako mapema. Ikitokea hatari, acha mzigo. Ukigeuka kuchukua mfuko, unawazibia njia walio nyuma yako.

TUREJEE KWENYE MSEMO

Sasa turudi kwa wazee wetu. "Ajali haina kinga." Sisi tuliosoma somo hili tutajibuje? Si adabu kumkatiza mzee msibani. Siku ya matanga nyamaza, toa pole, beba maji, chota mchanga. Lakini baada ya matanga, kwenye mkutano wa kijiji au wa mwalo, inua mkono. Sema kwa heshima: "Wazee wangu, siku ya mtu kufa anaijua Mungu. Lakini kamba tunaijua sisi. Simu tunaijua sisi. Kina cha maji haya tunakijua sisi." Kisha uliza ni nani katika mwalo huu anayejua kumpa pumzi mtu aliyezama. Uliza kama mwalo una kamba ndefu, maboya na madumu matupu mahali pamoja panapojulikana. Omba halmashauri ya kijiji imwalike mtu wa Zimamoto aje kufundisha siku moja.

Wale vijana wa Bukoba hawakupangiwa na mtu. Walikuwa na makasia, walijua kuogelea, na walithubutu. Watu walitoka hai kwa sababu yao. Je, wangekuwa pia na mafunzo na vifaa, wangetoka watu wangapi?

MANENO YA KUJIFUNZA

Rubani: mtu anayeendesha ndege.
Mhudumu: mfanyakazi anayewahudumia abiria ndani ya ndege na kuwaongoza wakati wa hatari.
Njia ya kutulia: barabara ndefu ndani ya kiwanja ambayo ndege hutua na kurukia.
Mabaki: vipande vya chombo kilichovunjika.
Uchunguzi: kazi ya kutafuta ukweli wa jambo kwa kupima na kuuliza.
Ripoti ya awali: taarifa ya kwanza ya wachunguzi, kabla ya kazi yao kukamilika.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Watu wangapi walikuwamo katika ndege iliyoanguka Bukoba? Wangapi walipona? Onyesheni hesabu ubaoni.
2. Tajeni nyavu tano zinazozuia ajali ya ndege. Kwa mtumbwi wenu, nyavu hizo ni zipi?
3. Kwa nini abiria asijaze hewa jaketi lake akiwa bado ndani ya ndege?
4. Mlango wa upana wa meta 2 na urefu wa meta 1, ukiwa chini ya maji meta 1, utasukumwa kwa uzito wa magunia mangapi ya kilo 100?
5. Katika mwalo wenu, ajali ikitokea leo saa 8 usiku, nani atapiga simu? Kamba iko wapi? Andikeni majibu kwenye karatasi na kuibandika mahali ambapo kila mvuvi ataiona.